Futari ya majirani haizai ujirani: tubadilishe nini?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mjumbe wa kamati ya msikiti. Ramadhani mbili mfululizo tumewaalika majirani wasio Waislamu kufuturu nasi ukumbini. Wanakuja zaidi ya mia, tunakuwa na mgeni rasmi na hotuba mbili tatu, wanakula, wanashukuru, wanaondoka. Lakini malalamiko ya magari siku ya Ijumaa na kelele za usiku wa tarawehe, zile sala za usiku wa Ramadhani, bado yanaletwa kwa barua kupitia manispaa. Hakuna hata mmoja anayebisha hodi. Je, chakula kweli huleta maelewano, au tunajidanganya? Na kama kinaleta, tubadilishe nini?

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Hamjidanganyi, ila mmeshika kipimo kisicho chake. Watu mia kula na kushukuru ni dalili kwamba wapishi wenu ni hodari na kwamba mtaa hauna uadui nanyi. Ujirani una kipimo kingine: mtu akikuta gari limeziba lango lake saa ya Ijumaa, ana jina la nani kichwani? Ana namba ya nani kwenye simu? Ukumbi wa watu mia na ishirini hauwezi kuzaa jambo hilo, hata mchinje ngamia. Kila mgeni anaondoka akiwa amekijua chakula chenu na hakumjua mtu.

Kwa maelezo yako naona kasoro tatu. Watu ni wengi mno kwa siku moja. Wenyeji wako jikoni na jukwaani, hawako kwenye mlo. Na ukarimu unakwenda upande mmoja tu: nyinyi mnatoa, wao wanapokea. Hiyo ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo ambayo kamati nyingi huikwepa, kwa hiyo nitaikalia zaidi huko mbele.

Kwanza tuone kwa nini kula pamoja kuna uzito wote huu. Kisa cha Nabii Ibrahim na wageni wake kimetajwa katika Surat Huud na tena Adh-Dhaariyaat. Hakuwauliza kama wana njaa. Aliondoka kimyakimya kwenda kwa watu wake, akarudi na ndama aliyenona, tena wa kuchoma. Hakuwaambia wasogee kwenye chakula, bali alikisogeza kwao. Hakuwaamrisha, aliwauliza: hamli? Wanazuoni, Ibn al-Qayyim akiwa mmoja wao, wametoa adabu nzima ya kukirimu mgeni katika aya hizo chache. Linalokuhusu wewe zaidi ni lile lililofuata: alipoona mikono yao haikifikii chakula, aliingiwa na hofu. Mgeni asiyekula kwako alikuwa mtu wa kushukiwa kwamba amekuja kwa shari. Hofu hiyo ipo mpaka leo, na ipo pande zote mbili. Mwenyeji akiona sahani haikuguswa anahisi amedharauliwa. Mgeni akiwekewa kitu asichokijua anahisi amebanwa.

Ramadhani ya mwaka wa 9 Hijria, ujumbe wa kabila la Thaqif kutoka Taif ulifika Madina kujadiliana na Mtume, rehema na amani zimshukie. Walipigiwa hema msikitini. Wapokezi wa sira, yaani habari za maisha ya Mtume, wanasimulia kwamba walikuwa hawali chakula kilichotoka kwake mpaka Khalid bin Said, aliyekuwa akienda na kurudi kati ya pande mbili, ale kwanza. Khalid alikula, nao wakala. Waliposilimu na kufunga siku zilizobaki, Bilal ndiye aliyewapelekea futari; walisita, wakidhani jua bado halijazama, naye akatia mkono akala mbele yao. Ona ilivyokwenda: wageni wana shaka, na shaka inaondolewa na mtu mmoja anayekula nao chombo kimoja, bila maneno marefu. Kwenye futari zenu nani anakula na mgeni? Kama vijana wote wamevaa vizibao na wanazunguka na masinia, na kamati imekaa meza ya mbele na mgeni rasmi, basi hakuna.

Kwa hiyo punguzeni watu. Badala ya futari moja ya watu 120, fanyeni nne za watu 30, moja kila wiki. Kati ya hao 30, wageni 15 na wenyeji 15. Uwiano huu msiuvunje, kwa sababu wageni wakizidi watakaa wenyewe kwa wenyewe, na wenyeji wakizidi mgeni anajiona yuko kwenye usaili. Kama mnatumia meza, ziwe za watu sita, watatu kwa watatu. Zikizidi wanane mazungumzo yanakatika makundi mawili, na mara nyingi mgeni mpole ndiye anayebaki katikati hana wa kusema naye. Kama mnakula kwenye sinia, watu wanne au watano kwa sinia.

Kila meza iwe na mwenyeji wake, na kazi yake ni moja: hasimami. Hapakui jikoni, hapigi picha, hapokei simu. Anamimina maji, anaanza kula, anauliza na kusikiliza. Muwachague kwa makazi yao na si kwa vyeo: Mwislamu anayeishi barabara ile ile ya mgeni ndiye akae naye. Katibu wa kamati anayetoka upande wa pili wa mji ni mzungumzaji mzuri, lakini kesho hatakutana na mgeni huyo dukani. Orodha ya wageni iandikwe kwa barabara zao siku tatu kabla, na kila mwenyeji apewe majina yake mapema, ajue anakaa na nani.

Mkikaa chini kwenye mikeka, wekeni viti vichache pembeni bila kusubiri mtu aombe, maana mwenye magoti mabovu huona haya kusema. Mlangoni pawe na kiti cha kuvulia viatu. Wageni wapewe sahani na kijiko, wasilazimishwe mkono wala sinia. Anayetaka kula kwa mkono kutoka sinia aelekezwe kwa adabu ile ile ambayo Mtume alimfundisha Umar bin Abi Salama alipokuwa mtoto: taja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Adabu hiyo inaeleweka na kila mtu duniani, kwa kuwa hakuna anayependa mkono wa mwenzake upite mbele yake.

Habari ya wanaume na wanawake: utaratibu wowote mnaoufuata, uandikwe kwenye mwaliko. Wageni wengi hukubali kukaa sehemu mbalimbali wakijua mapema. Kinachowavunja moyo ni mume na mke kufika mlangoni na kutenganishwa kwa ishara ya kidole. Kama kuna nafasi, wekeni meza za familia pamoja na zile za wanaume na za wanawake, watu wachague. Kuhusu kupeana mikono, mwenyeji asiyemshika mkono mwanamke asiye maharimu wake, yaani asiye ndugu wa karibu aliyeharamishwa kumwoa, aweke mkono kifuani na atangulie kusalimia kwa uso mkunjufu, kabla mkono wa mgeni haujanyooka. Ukichelewa sekunde mbili, mkono wake umeshabaki hewani mbele ya watu.

Sasa saa. Tarehe 9 Desemba 1805, Rais Thomas Jefferson wa Marekani alimwalika mezani mjumbe wa Tunis, Sidi Soliman Mellimelli. Ilikuwa Ramadhani. Mlo ambao kwa kawaida ulikuwa saa tisa na nusu alasiri ukasogezwa mpaka jua linapozama. Kwa mjumbe yule, kusogezwa kwa saa kulikuwa heshima yenyewe. Nanyi mna deni la namna hiyo kwa wageni wenu, kwa upande wa pili: wao hawakufunga, wamezoea saa yao ya kula, na wana watoto wa kulaza.

Wafike dakika 30 hadi 40 kabla ya magharibi, si zaidi. Dakika kumi za kuingia na kukaa, dakika kumi mtu mmoja aeleze saumu ni nini na nini kitafuata, basi. Mgeni rasmi mwacheni. Akija mwanasiasa, akae mezani kama wengine na asipewe kipaza sauti, kwa kuwa mkimpa mmoja, mwakani mtadaiwa na wa chama cha pili, na majirani wataanza kuona kwamba walialikwa kuwa watazamaji. Vijitabu vya dini navyo visiwekwe kwenye sahani. Anayetaka kuuliza atauliza, na akiuliza ajibiwe vizuri. Qurani inawataja wanaolisha na kusema: hatutaki kwenu malipo wala shukurani. Mgeni ananusa haraka sana kama kuna kitu anachotakiwa kukilipa.

Adhana ikiadhiniwa, tende na maji. Hapa ndipo futari nyingi za aina hii huharibika. Wenyeji wote wanainuka kwenda kuswali, na wageni wanabaki dakika 15 wakitazamana na chakula kilichofunikwa, hawajui kama wale, wasubiri au waondoke. Dawa yake ni rahisi: swalini kwa jamaa mbili, zamu kwa zamu. Kundi la kwanza linaswali mara tu baada ya tende, na kila meza inabaki na mwenyeji mmoja anayekula na wageni. Wa kwanza wakirudi, wa pili wanakwenda. Wakati wa magharibi unaendelea mpaka wekundu wa jua upotee angani, na hiyo mara nyingi ni saa nzima au zaidi, kwa hiyo jamaa ya pili haina tatizo. Wageni wanaotaka kuangalia sala wakaribishwe nyuma ya safu, wapewe viti, na mtu wa kukaa nao. Wasiotaka wasiulizwe mara mbili.

Mwisho wa shughuli uwe wakati wa isha, na muutaje kwenye mwaliko. Mgeni huona raha akijua saa ya kuondoka, na mwenyeji naye huona haya kumwambia. Surat Al-Ahzaab yenyewe iliteremka kuwafundisha watu kwamba wakishakula watawanyike, kwa sababu kukaa kwao kulimuudhi Mtume naye akaona haya kusema. Na kama Ramadhani imeangukia majira ambayo kwenu jua linazama usiku mwingi, futari msiifanye kwa ajili ya majirani. Waalikeni chakula cha mchana siku ya Idi au ya pili yake. Ramadhani inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka wa kalenda ya jua, hivyo ratiba iliyofaa miaka mitano iliyopita huenda haifai sasa.

Chakula chenyewe hakihitaji ufundi mkubwa, kinahitaji hesabu na usafi. Kwa watu 30, mchele mkavu kilo 3, nyama yenye mifupa kilo 6, tende kilo moja ambayo ni kama tatu kila mtu, na maji lita 15. Ongezeni sehemu ya kumi juu ya hapo kwa ajili ya anayekuja bila mwaliko, naye hakosi. Mtume aliwahi kualikwa na Abu Shuayb pamoja na watu wanne, mtu wa sita akawafuata njiani. Alipofika mlangoni alimwambia mwenyeji: huyu ametufuata, ukitaka mruhusu, ukitaka mwache. Mwenyeji akamruhusu. Hivyo mgeni wenu akija na shangazi yake, nafasi iwepo.

Chungu kimoja kisiwe na nyama kabisa, na kiwe na upawa wake. Upawa wa nyama ukiingia humo mara moja, asiyekula nyama hana tena chakula. Kila chombo kiwe na karatasi ndogo inayotaja nyama ya mnyama gani, na kama kuna karanga au njugu za aina yoyote, maziwa, ngano, mayai au samaki. Wapo watu ambao karanga kidogo tu huwafungia pumzi.

Kosa la hatari zaidi ni kupika adhuhuri na kupakua magharibi. Wali na nyama vikikaa vuguvugu kwa muda wa saa nne vinazalisha vijidudu, na sumu inayotokana na wali haiondoki kwa kupashwa moto tena. Kanuni ni hii: chakula cha moto kibaki juu ya nyuzijoto 60, cha baridi chini ya 5, na kilichokuwa katikati kisikae zaidi ya muda wa saa mbili. Pikeni ili chungu kiive nusu saa kabla ya magharibi, au muwe na vyombo vinavyotunza joto kweli. Kufunika kwa taulo hakutoshi. Mtaa mzima ukiugua tumbo baada ya futari, mtahitaji miaka kurekebisha.

Mgeni akiacha chakula, msimsukume. Mtume aliwekewa dhabbu, mjusi wa jangwani, naye akaondoa mkono. Khalid bin al-Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa: hapana, ila hakikuwepo katika ardhi ya watu wangu, na ninajikuta sikipendi. Khalid akakivuta akala, Mtume akitazama. Jibu lile halikumlaumu mpishi wala halikumzuia anayekula. Wafundisheni wenyeji wa meza kulipokea jibu kama hilo kwa wepesi: "Hakuna neno, jaribu hiki." Kusema "kidogo tu, kwa ajili yangu" mara tatu si ukarimu.

Basi tuje kwenye kasoro ile ya tatu, ukarimu wa upande mmoja. Majirani zenu wamekula kwenu mara mbili, nyinyi hamjala kwao hata mara moja. Mtu anayepokea kila siku bila kurudisha huona uzito moyoni. Akikasirika, hana uso wa kuja kwako kulalamika kama mtu na mwenzake, kwa hiyo anaandika barua. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo sababu kubwa ya barua zenu. Wapeni nafasi ya kuwa wenyeji. Na hapo ndipo Waislamu wengi tunapopata kigugumizi, si kwa kukosa mapenzi bali kwa kuhofia kinachoweza kuwekwa mezani.

Hofu hiyo inaondolewa kabla ya siku yenyewe, kwa simu moja fupi. Jirani akisema "na nyinyi njooni kwetu", mjibu ndiyo papo hapo, halafu siku mbili tatu kabla mpigie: "Tunafurahi sana kuja. Sisi hatuli nguruwe wala kitu chenye pombe, hata iliyopikwa ndani ya mchuzi, na nyama nyingine tunakula iliyochinjwa kwa utaratibu wetu. Samaki na mboga hazina shida kabisa, msijisumbue." Sentensi hizo zinamwokoa mwenyeji na aibu. Mwenyeji asiyejua atapika nyama kwa saa tatu, kisha atawaona mnakula saladi. Hapo mmemrudisha kwenye ile hofu ya Ibrahim.

Undani wake ni huu. Surat Al-Maaida imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Mayahudi na Wakristo, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya nyama ya madukani leo. Wako wanaoila kwa aya hiyo, wako wanaosisitiza uchinjaji ujulikane. Msiufanye mjadala huo mezani kwa mtu. Kundi linalokwenda likubaliane kabla, na lichukue msimamo wa aliye makini zaidi kati yao kwa siku hiyo, yaani samaki au mboga. Hata samaki nao wana hitilafu: kwa madhehebu ya Shafii, Maliki na Hanbali viumbe wa baharini kwa jumla ni halali, kwa Hanafi ni samaki tu, hivyo kamba na kaa wanaweza kuleta utata. Kitindamlo kiulizwe kama kina jelatini, maana mara nyingi hutokana na nguruwe.

Vyombo vinawatia watu wasiwasi usio na sababu. Abu Thaalaba al-Khushani alimuuliza Mtume kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu waliokuwa jirani zake, akajibiwa kwamba wakipata vingine wasile humo, na wasipopata wavioshe na wale. Hadithi hiyo imo kwa Bukhari na Muslim. Sahani iliyooshwa vizuri imeoshwa.

Pombe ni jambo lisilo na njia ya katikati, kwa kuwa Mtume amekataza kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe. Hilo nalo lisemwe kwenye simu, kwa unyenyekevu: "Tunaomba pombe isiwepo mezani wakati tuko pamoja." Wengi watakubali bila kinyongo. Asiyeweza, mpendekezee mkutane kwa chai ya alasiri badala ya chakula cha usiku. Kwa upande wenu, kwenye mwaliko wa futari andikeni: "Hatutarajii mlete kitu, mkipenda, leteni matunda." Bila mstari huo mtu ataleta chupa ya mvinyo, kwa nia njema kabisa, na mpokea wageni mlangoni atababaika mbele ya watu. Ikitokea hata hivyo, amshukuru kwa faragha, amweleze kwa sentensi moja, na amwombe airudishe kwenye gari.

Mkialikwa siku ambayo mmoja wenu amefunga sunna, asijifiche nyuma ya saumu. Hadithi ya Muslim inasema aalikwaye aitike. Kama amefunga, amwombee dua mwenyeji, na kama hakufunga ale. Na mkishaketi, adabu ya Mtume ilikuwa kutokitia kasoro chakula kamwe: akikitaka alikila, asipokitaka alikiacha.

Kati ya Ramadhani na Ramadhani kuna miezi kumi na moja, nayo ndiyo inayojenga. Hapa kazi inatoka kwenye kamati na kuingia majumbani. Bibi Aisha aliuliza: nina majirani wawili, nimpelekee nani zawadi? Mtume akamwambia: aliye karibu nawe zaidi kwa mlango. Sahaba Abu Dharr aliambiwa na Mtume akipika mchuzi azidishe maji na awaangalie jirani zake. Hakuambiwa anunue nyama zaidi. Sahaba mwingine, Abdullah bin Amr, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Kaya kumi za Kiislamu zinazozunguka msikiti, kila moja ikashika milango miwili ya karibu na kupeleka kitu kidogo mara moja kwa mwezi, zitawafikia watu wachache kuliko ukumbi wenu, lakini zitajua majina yao. Nyama ya udhiya, mnyama wa kuchinja wa Idi Kubwa, inafaa pia: Hanafi na Hanbali wameruhusu kumpa jirani asiye Mwislamu, ingawa wengine hawaoni hivyo, kwa hiyo muulizeni imamu wenu. Ipelekwe ikiwa imefungwa vizuri na baridi, na muulize kwanza kama anakula nyama.

Kuhusu magari na kelele: usiku wa futari msiyazungumze, na msiyatolee ufafanuzi jukwaani. Mezani mtu akiyataja, mwenyeji wake asijitetee. Asikilize, aandike namba ya nyumba na saa tatizo linapotokea, na aseme ni nani atakayempigia na lini. Wiki hiyo hiyo mtu huyo apige. Wakati wa kuondoka kila mgeni apewe karatasi yenye jina la mtu mmoja na namba moja ya simu, na simu hiyo ipokelewe Ijumaa mchana na usiku wa tarawehe bila kukosa. Namba ya ofisi inayoita tu ni mbaya kuliko kutokuwa na namba. Ijumaa mbili za kwanza wekeni vijana wawili barabarani kuzuia magari kwenye malango. Jirani akipiga simu na gari likaondolewa ndani ya dakika kumi, hatakuwa na haja ya karatasi wala kalamu.

Nawatahadharisha na fahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1330 msafiri Ibn Battuta alipoingia Ladhiq, leo Denizli nchini Uturuki, watu walimshika hatamu za farasi, wengine wakaja wakazozana nao, baadhi wakachomoa visu. Alidhani ni wanyang'anyi. Kumbe yalikuwa makundi mawili ya vijana wa udugu wa kukirimu wageni, kila kundi likitaka kumkirimu yeye na wenzake; ikabidi wapige kura. Misikiti nayo hushindana: huu umechinja wangapi, ule umemleta nani. Ukishaanza ushindani, gharama hupanda na mgeni husahaulika. Kinyume chake, msafiri wa Kiajemi Nasir Khusraw alipozuru al-Khalil, yaani Hebron huko Palestina, mwaka 1047 alikuta kila mgeni anapewa mkate, bakuli la dengu lililopikwa kwa mafuta ya zeituni, na zabibu. Chakula ni kile kile kwa kila ajaye. Mlo mwepesi unaoweza kurudiwa kila wiki unafaa zaidi kuliko karamu ya mara moja, na tumekatazwa kujikalifisha. Wala msiwaite wenye nafasi peke yao: hadithi ya walima, karamu ya harusi, inasema chakula kibaya kabisa ni kile wanachoitwa matajiri na kuachwa masikini. Mlinzi wa jengo la jirani na mfagiaji wa barabara wawe kwenye orodha, meza moja na daktari.

Mwisho ni fedha. Zaka isiguswe kwa futari hizi, kwa kuwa mafungu yake manane yametajwa katika Surat At-Tawba na majirani wenye uwezo hawamo. Fidya, malipo ya asiyeweza kufunga, nayo ni ya masikini. Gharama zitoke kwenye sadaka za kawaida au michango ya waumini waliojua wanachochangia, kwenye sanduku lake lililoandikwa wazi kuwa ni la kukirimu majirani, na mhasibu aweke hesabu yake katika daftari la peke yake.